Nchi Ndogo ya Kiribati na Ufunguo wa Kisima

Mwezi huu twataka kuwaletea habari za nchi iliyo mbali sana nasi, ambayo wengi wenu huenda hamjapata kuisikia hata jina lake. Wala sisi tusingalijua neno juu yake kama si swali la mtoto mmoja darasani. Tulikuwa tumetundika ramani ya dunia ukutani, nasi twawaonyesha watoto bahari kuu ya Pasifiki. Mtoto huyo akasogea, akaweka kidole juu ya vitone vichache vilivyotawanyika katikati ya maji, akauliza, "Mwalimu, hivi navyo ni nchi?" Tukajibu, "Ndiyo, ni nchi, jina lake Kiribati, nayo ina Rais wake." Akasema, "Rais wake humtawala nani, samaki?" Darasa zima likacheka, na sisi tukacheka pamoja nao. Lakini kengele ilipolia tuliona haya, kwa maana tulicheka kwa sababu hatukuwa na jibu. Tukawaahidi watoto kwamba Jumatatu tutawaeleza.

Basi tukatafuta vitabu, tukasoma. Nasi tulisoma habari hizo wakati mbaya, au tuseme wakati mwema, maana siku zile zile tulikuwa tumo katika ugomvi kijijini kwetu juu ya ufunguo. Ugomvi huo tutauleta mbele; kwanza tuitazame nchi.

Kiribati ni visiwa 33. Visiwa 32 ni vya matumbawe, vyembamba kama ukanda, vimeizunguka bahari ya ndani iliyotulia. Na kimoja, jina lake Banaba, kimeinuka juu. Ukiikusanya ardhi yake yote pamoja hupati zaidi ya kilomita za mraba 811. Lakini bahari iliyo yao ni kama kilomita za mraba 3,500,000. Watu wake ni kama 120,000, na wengi wao hukaa katika kisiwa cha Tarawa, upande wa kusini, ndipo penye mji mkuu. Kutoka Tarawa mpaka Kiritimati, kisiwa chao cha mashariki, ni zaidi ya kilomita 3,000 za maji. Hata majira yaliwasumbua: mpaka wa tarehe, ule mstari ambapo siku hubadilika, ulipita katikati ya nchi, hata Jumatatu upande wa magharibi ikawa bado Jumapili upande wa mashariki, na maofisi ya pande mbili yakawa na siku nne tu katika juma za kufanya kazi pamoja. Tangu tarehe 1 Januari 1995 nchi nzima imekuwa na siku moja.

Jina la nchi lenyewe ni jina la Mwingereza Gilbert, likitamkwa kwa ulimi wa watu wa pale. Huliandika Kiribati, lakini hulitamka kama "Kiribas", maana katika lugha yao herufi "ti" husikika kama "s". Wakikutana hawasemi ila "Mauri," maana yake afya, kama sisi tunavyoulizana hali. Injili iliwafikia mwaka 1857, alipofika katika kisiwa cha Abaiang mmisionari wa Kimarekani, Hiram Bingham Mdogo, pamoja na mkewe. Alikaa akajifunza lugha, akaiandika, naye ndiye aliyewafasiria Biblia nzima. Mwaka 1888 mapadre wa Kikatoliki walifika Nonouti. Leo karibu watu wote wa nchi ile ni Wakristo. Basi hao si wageni kwetu kabisa, ni jamaa wa nyumba moja.

Sasa tuje kwenye utawala wao. Na hapa hatuwezi kuanza na Bunge wala Rais. Yatupasa kuanza na nyumba.

Katika kila kijiji cha Kiribati kuna nyumba kubwa ya shauri, waiitayo maneaba. Paa lake la majani ya mkadi ni kubwa sana, na mwisho wake huteremka mpaka karibu na chini, hata mtu aingiaye, awe mkubwa au mdogo, hana budi kuinama. Ndani hamna viti. Watu huketi juu ya mikeka, na kila ukoo una mahali pake pa kukaa, nao huliita jina lake boti. Mahali hapo hawakuchaguliwa jana. Baba zao walikaa hapo na babu zao pia. Mtu akitoka kisiwa kingine, akiweza kutaja ukoo wake, huonyeshwa mahali pa watu wake akakaa, wala hawi mgeni. Waamuzi wa shauri ni wazee, ambao huitwa unimwane. Katika visiwa vya kaskazini walikuwako wafalme, na mmoja wao, Binoka wa Abemama, alisifika sana kwa ukali wake katika karne ya 19. Lakini katika visiwa vya kusini hapakuwa na mfalme. Wazee waliketi kwa kuzunguka, wakasema kwa zamu, wakarudi tena na tena katika neno lile lile mpaka likaiva.

Wazee wetu wasema, penye wazee hapaharibiki neno. Tulipoyasoma hayo tulifurahi, kwa kuwa na sisi ni wazee sasa, tukadhani tumepata hoja ya kuwajibu vijana wa kijijini. Lakini tuliendelea kusoma.

Waingereza waliviweka visiwa vile chini ya ulinzi wao mwaka 1892, na mwaka 1916 vikawa koloni pamoja na visiwa vya Ellice. Watu wa Ellice ni wa lugha nyingine. Walipigiwa kura mwaka 1974, wakachagua kujitenga, nao ndio Tuvalu ya leo. Kiribati ikapata uhuru tarehe 12 Julai 1979. Mwaka ule ule machimbo ya fosfati katika kisiwa cha Banaba yakakoma, na fosfati ndiyo iliyokuwa mali yao. Ilichimbwa tangu mwaka 1900 kwa ajili ya mashamba ya watu wa mbali, hata ardhi ya Banaba ikabaki mifupa ya mawe; na wenyeji wengi wa Banaba walihamishwa mwaka 1945, wakapelekwa Rabi, kisiwa cha Fiji, ambako uzao wao wakaa hata leo. Basi nchi ilipokea uhuru wake siku ambazo ghala linafagiliwa. Iliwafaa kwamba mwaka 1956 palikuwa pameanzishwa mfuko wa akiba, ambao sehemu ya fedha za fosfati iliwekwa ndani yake. Mfuko huo uko mpaka leo, nao ni nguzo ya serikali, pamoja na ada walipazo wenye meli za kigeni kwa kuvua samaki katika maji yao. Kwa hiyo yule mtoto wetu hakukosea sana alipotaja samaki.

Wenye kutunga katiba yao walikuwa na jambo gumu. Wangaliweza kuchukua kawaida ya Waingereza vile ilivyo: chama chenye watu wengi bungeni hutoa waziri mkuu. Au wangaliweza kufuata Wamarekani: watu wote humchagua Rais, naye huketi mpaka muda wake uishe, Bunge litake lisitake. Wao walichukua kidogo huku na kidogo kule, wakatia na desturi ya maneaba.

Bunge lao laitwa Maneaba ni Maungatabu, nalo liko Ambo, Tarawa. Wajumbe 44 huchaguliwa na watu wa visiwa kwa miaka minne, na mtu asipopata zaidi ya nusu ya kura, hupigwa kura mara ya pili. Mjumbe mmoja zaidi huletwa na Wabanaba wa Rabi, ijapokuwa wakaa katika nchi nyingine, ili waliopoteza ardhi wasipoteze pia mahali pao pa kukaa katika nyumba ya shauri. Spika hachaguliwi miongoni mwa wajumbe; hutafutwa mtu wa nje, asiye na kura, apate kuwa mwamuzi asiye na upande.

Bunge likisha kukusanyika baada ya uchaguzi, wajumbe huteua wenzao, wasiopungua watatu wala kuzidi wanne, kuwa ndio watakaogombea urais. Kisha majina hayo hurudishwa kwa watu wote wa nchi, nao huchagua mmoja. Huyo huitwa Beretitenti. Hivyo Rais wao ana mabwana wawili: wajumbe waliomteua na wananchi waliompigia kura. Hawezi kuwadharau wa kwanza akisema, "Mimi ni wa watu," wala hawezi kuwasahau wa pili akisema, "Mimi ni wa Bunge."

Tena kuna mambo matatu ambayo yalitufanya tuweke kitabu chini na kufikiri.

La kwanza, watu wa mahali wakiona mjumbe wao hafai, hawalazimiki kungoja miaka minne. Zaidi ya nusu ya wapiga kura wa pale wakitia sahihi zao katika hati, hupigwa kura ya kumwondoa au kumwacha.

La pili, Bunge likipiga kura ya kutoiamini serikali, Rais huondoka. Lakini na wajumbe wenyewe huondoka pamoja naye, Bunge huvunjwa, na wote hurudi kwa watu kuomba upya. Amwangushaye nahodha hujitosa majini yeye mwenyewe. Wala nchi haiachwi bila mtu siku hizo. Baraza la watu watatu hushika utawala mpaka uchaguzi uishe: mwenyekiti wa tume ya utumishi wa serikali, jaji mkuu, na Spika. Nchi haina jeshi, ina polisi tu. Na hao watatu hawana silaha ila katiba. Hata hivyo jambo hili limekwisha kutokea mara tatu, mwaka 1982, mwaka 1994 na mwaka 2003, na kila mara wale watatu waliitunza nyumba, wakaikabidhi kwa aliyechaguliwa, wakaenda zao.

La tatu, hakuna mtu awezaye kuchaguliwa kuwa Rais zaidi ya mara tatu. Rais wa kwanza, Ieremia Tabai wa Nonouti, alishika kazi mwaka 1979 kabla hajafikia umri wa miaka 30. Fikirini, wasomaji, katika nchi ya wazee, kijana kama huyo! Serikali yake ilishindwa bungeni mwaka 1982, akarudi kwa watu, wakamchagua tena mwaka 1983. Na mwaka 1991, akiwa bado ana nguvu na bado ana wampendao, alitoka, kwa kuwa muda wake umekwisha. Alikwenda kuwa katibu mkuu wa jumuiya ya nchi za Pasifiki ya Kusini. Kisha akarudi nyumbani, akagombea, akaketi bungeni kama mjumbe wa kisiwa chake, mmoja kati ya wengi, akiomba ruhusa ya Spika kabla ya kusema.

Habari hiyo ilituchoma. Na sasa ni lazima tuwaeleze habari ya ufunguo.

Katika kijiji chetu kuna kisima kirefu chenye mashine ya kuvuta maji, na juu ya mashine pamejengwa kibanda chenye kufuli. Kilipochimbwa, watu walituchagua sisi tuandikao maneno haya kuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, kwa sababu twajua kuandika hesabu. Kwa miaka 14 tuliushika ufunguo na daftari. Hatukula senti ya mtu, Mungu ni shahidi, na mashine ilipoharibika tuliuza mbuzi wetu wawili kabla michango haijapatikana. Lakini katika miaka hiyo 14 hatukuitisha uchaguzi hata mara moja. Tuliona hapana haja. Maji yalitoka.

Siku moja, baada ya ibada, watu walipokuwa wamekaa chini ya mwembe wa kanisa, alisimama mama mmoja kijana, ambaye sisi wenyewe tulimfundisha kusoma. Akasema kwa adabu, "Shikamoo, Mwalimu. Twakushukuru kwa kazi yako. Lakini nina swali. Mwaka jana ulipolazwa hospitali siku tisa, tulichota maji ya mtoni, na watoto wetu wakaugua matumbo. Je, ufunguo ule ni wa nani?"

Tungalijibu kwa upole, mambo yangalikwisha pale pale. Hatukujibu kwa upole. Tulisema, "Ufunguo ni wa aliyeuza mbuzi." Watu wakanyamaza. Yule mama akaketi, akainamisha kichwa, naye mtoto wake mdogo alikuwa mgongoni, mmoja wa wale walioumwa. Tukaondoka mkutanoni tukiwa na ufunguo mfukoni, nao ulikuwa mzito kuliko siku zote. Tangu siku hiyo watu wakatuamkia kwa maneno mafupi. Na sisi kwa kiburi tukasema moyoni, "Watatuhitaji."

Ndiyo maana twasema tulisoma habari za Kiribati wakati mbaya, au wakati mwema. Tulikuwa tukitafuta jibu la mtoto mmoja, tukapata jibu la mama yake mtu mwingine.

Lakini tusije tukawadanganya kwamba nchi ile ni kama bustani ya Edeni. Katiba nzuri ni kama jahazi jema: haliendi lenyewe, na mabaharia wakorofi waweza kulipasua. Ile kanuni ya Bunge kuteua wagombea, iliyowekwa ili kuchuja wasiofaa, yaweza kutumiwa kuwafungia mlango wanaofaa, maana upande wenye wajumbe wengi waweza kuzijaza nafasi zote. Mwaka 2007 Harry Tong, mkuu wa upinzani, hakuteuliwa, na wananchi hawakupata kuulizwa kama wamtaka. Huyu ni ndugu yake Rais wa wakati ule, Anote Tong. Nao walikuwa wamekwisha kushindana mwaka 2003: baba mmoja, mama mmoja, vyama viwili. Anote alipata kura 13,556, na Harry 12,457. Tafuteni katika nchi kubwa ndugu wawili wakipigania kiti kimoja, mwone kama damu haikumwagika. Pale palimwagika wino wa kura tu. Anote aliongoza mara zake tatu, na mwaka 2016 akatoka, akaingia Taneti Maamau, ambaye amechaguliwa tena mwaka 2020 na mwaka 2024.

Tena mwaka 2022 palitokea jambo la kuhuzunisha. Serikali ilimsimamisha kazi jaji mkuu, kisha ikawasimamisha majaji watatu wa mahakama ya rufani, kwa ugomvi uliotokana na jaji mmoja mgeni, mume wa mama aliyeongoza upinzani wakati ule. Kwa muda nchi ikabaki bila mahakama kuu zenye watu wa kutosha. Msomaji na akumbuke wale watatu wanaoitunza nyumba wakati wa dhoruba: mmoja wao ni jaji mkuu. Mtu akilitikisa fundo moja la wavu ule, wavu wote hulegea. Basi hata huko walikojifunza kuinama mlangoni, kuna siku mtu husahau kuinama.

Na juu ya yote iko bahari. Sehemu kubwa ya ardhi yao haizidi mita 3 hivi juu ya maji, na bahari yapanda. Maji ya chumvi huingia katika visima vyao na mashimo ya viazi vyao. Mwaka 2014 serikali ya Anote Tong ilikamilisha kununua shamba huko Fiji, kama kilomita za mraba 20, nalo lilikuwa mali ya Kanisa la Uingereza, ili kama siku mbaya ikija watu wapate pa kupanda chakula. Rais aliyemfuata hakupenda kuweka mbele habari ya kuhama. Yeye alisema juu ya kuijenga nchi na kuiinua pale ilipo. Sisi si waamuzi wao. Tunachotaka kusema ni kwamba watu hawa hubishana habari ya kufa na kupona kwa nchi yao, nao hubishana kwa kura, kwa hoja, na kwa kupeana zamu.

Sisi wenye kisima kimoja tulishindwa kubishana juu ya ufunguo.

Jumatatu ilifika, tukawaeleza watoto. Tulichora maneaba ubaoni, na paa lake lililoteremka. Tukawaeleza kwa nini mtu huinama akiingia. Yule mtoto akanyosha mkono, akauliza, "Na Rais naye huinama, Mwalimu?" Tukamjibu, "Naye huinama. Akitaka kuingia wima atagonga kichwa." Watoto wakacheka sana, wakaanza kuigiza, mmoja baada ya mwingine wakipita chini ya mkono wetu kana kwamba ndio paa. Nasi tulisimama pale mkono umenyoshwa, na katika mfuko wa kanzu yetu ufunguo ukigonga paja.

Jioni ile tulikwenda kwa mzee wa kanisa, mtu wa makamo yetu, tukamweleza yote. Tulitumaini atatufariji. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, Samweli naye alipozeeka alisimama mbele ya Israeli wote akawauliza ni ng'ombe wa nani aliyemchukua, wakasema hukuchukua cha mtu. Wewe nawe hukuchukua cha mtu. Lakini Samweli aliuliza. Wewe je, umeuliza?"

Hatukulala vizuri. Siku ya Jumapili tuliomba nafasi baada ya ibada. Tulitandika mkeka chini ya mwembe, tukaweka juu yake daftari na ufunguo, tukasema, "Ndugu, hesabu ya miaka 14 hii hapa, isomeni. Na ufunguo huu hapa. Tuliulizwa ni wa nani, tukajibu vibaya. Jibu lake ni kwamba ni wenu." Kisha tukamgeukia yule mama kijana mbele ya watu, tukamwomba radhi. Alipiga goti, akasema, "Yamekwisha, Mwalimu." Twawaambia kweli, wasomaji, kuuza mbuzi wawili kulikuwa rahisi kuliko maneno yale machache.

Watu walichagua kamati mpya kwa kuhesabu mikono. Walikubaliana kwamba mwenyekiti hatazidi vipindi viwili vya miaka mitatu mitatu. Tena ufunguo utakuwa miwili, mmoja kwa mwenyekiti na wa pili kwa mtunza hazina, ili ugonjwa wa mtu mmoja usiwe kiu ya kijiji. Mwenyekiti akawa kijana fundi baiskeli. Sisi tulipata kura kidogo, hazikutosha. Yule mama aliyeuliza swali akawa mtunza hazina, naye aandika hesabu kwa mwandiko mzuri kuliko wetu, na mwandiko huo tulimfundisha sisi.

Hatutaki kujifanya watakatifu. Majuma mengi baada ya siku ile mkono wetu uliingia mfukoni asubuhi kuutafuta ufunguo, na moyo uliuma ulipokuta mfuko mtupu. Tena mashine ilipokwama mwezi wa pili, shetani alituletea furaha kidogo: tulikaa barazani tukingoja waje kutuita. Hawakuja. Ndipo tukakumbuka habari za Tabai wa Nonouti, aliyekuwa Rais wa nchi, akarudi akaketi miongoni mwa wajumbe wa kawaida, akiomba ruhusa ya kusema. Tukaona aibu kungoja. Tukachukua spana yetu ya zamani, tukaenda kisimani wenyewe, tukamwambia yule kijana, "Mwenyekiti, waruhusu mzee akushikie taa?" Akasema, "Karibu, Mwalimu, nilikuwa naona haya kukusumbua." Tukafanya kazi pamoja mpaka maji yakatoka, saa tatu ya usiku.

Wahenga wasema, usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Watu wa Kiribati ni mabaharia tangu zamani, na labda hilo ndilo linalowasaidia kukumbuka. Katika chombo kila mtu hushika usukani kwa zamu, na aliyeshika jana leo huteka maji. Asiyekubali kuteka maji huwazamisha wenzake.

Basi, ndugu msomaji, huenda na wewe unao ufunguo mfukoni. Labda ni wa ghala la ushirika, au wa sanduku la kanisa, au wa ukoo, au wa nyumba yako mwenyewe, ambayo wana wako wamekwisha kuwa watu wazima ndani yake. Hatusemi uutupe. Twasema uliza kama wenyewe bado wapenda uushike wewe, nawe uulize kabla hujaugua. Na yule mtoto wetu aliyeuliza kama Rais wa Kiribati huwatawala samaki, tunamshukuru. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaandika habari za maji yenyewe, namna ya kuyachemsha na kuyatunza, kama yule mtunza hazina alivyotuagiza.